Kura za Marehemu: Mgombea Anapofariki Kabla ya Duru ya Pili

Katika nchi nyingi mgombea wa urais hahesabiwi kuwa ameshinda mpaka apate zaidi ya nusu ya kura halali, na asipopatikana mtu wa namna hiyo, wapiga kura huitwa tena kuchagua kati ya wawili walioongoza, katika upigaji kura unaojulikana kama duru ya pili. Iwapo mmoja wa wawili hao atafariki kabla ya siku hiyo kufika, sheria hukabiliwa na swali ambalo halikuwapo kabla ya duru ya kwanza, kwa kuwa marehemu ameacha nyuma yake kura zilizokwisha kupigwa na kuhesabiwa, nazo haziwezi kuzikwa pamoja naye bila kuwadhulumu waliozipiga. Nchi mbalimbali zimelijibu swali hilo kwa njia tatu: kufuta uchaguzi na kuanza upya, kumpandisha mgombea wa tatu, au kuziacha kura zirithiwe na chama cha marehemu au mgombea mwenza wake.

Njia ya kwanza inaonekana wazi kabisa nchini Ufaransa. Ibara ya 7 ya Katiba ya nchi hiyo, kama ilivyorekebishwa mwaka 1976, inaelekeza kwamba akifariki mmoja wa wagombea wawili walioongoza katika duru ya kwanza, Baraza la Katiba, yaani chombo kinachosimamia uhalali wa uchaguzi wa rais, litatangaza kuwa shughuli zote za uchaguzi zirudiwe tangu mwanzo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeelekea upande huohuo. Ibara ya 138 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Akikosekana, wawili walioongoza hurudi kwa wananchi ndani ya siku 30. Ibara hiyohiyo inasema kwamba mgombea wa urais au wa unaibu rais akifariki siku ya uchaguzi au kabla yake, uchaguzi huo utafutwa na mwingine kufanywa ndani ya siku 60 tangu tarehe iliyokuwa imepangwa. Sifa ya njia hii ni kwamba hakuna anayefaidika na msiba. Kasoro yake ni gharama, pamoja na muda ambao nchi hukaa ikisubiri kiongozi mpya.

Njia ya pili imewekwa katika Katiba ya Brazili ya mwaka 1988, ambayo inaagiza kwamba mgombea akifariki au akijitoa kabla ya duru ya pili, nafasi yake ichukuliwe na anayemfuata kwa wingi wa kura. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa na kanuni kama hiyo katika Katiba yake ya mwaka 2006, kabla ya marekebisho ya mwaka 2011 yaliyoiondoa duru ya pili. Udhaifu wake unaonekana katika uchaguzi wa mwaka 2006, ambapo Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba waliingia duru ya pili, huku Antoine Gizenga akishika nafasi ya tatu kwa takriban asilimia 13. Gizenga alimuunga mkono Kabila na baadaye akawa Waziri Mkuu wake. Kwa hiyo, kama Bemba angefariki katikati ya duru hizo, kanuni hiyo ingewaletea Wakongo shindano kati ya Kabila na mshirika wake mwenyewe, na wafuasi wa Bemba wangebaki bila mtu wa kumpigia kura.

Njia ya tatu ilijaribiwa bila maandalizi katika jimbo la Kogi nchini Nigeria. Katika uchaguzi wa ugavana wa tarehe 21 Novemba 2015, Abubakar Audu wa chama cha APC alikuwa akiongoza kwa kura 240,867 dhidi ya 199,514 za Idris Wada wa PDP, lakini Tume ya Uchaguzi haikumtangaza mshindi, kwa sababu tofauti kati yao ilikuwa ndogo kuliko idadi ya wapiga kura walioandikishwa katika vituo ambavyo upigaji kura ulikuwa umefutwa. Audu alifariki tarehe 22 Novemba, kabla ya uchaguzi wa nyongeza katika vituo hivyo. Katiba ya Nigeria ilieleza kwamba gavana aliyechaguliwa akifariki kabla ya kuapishwa, naibu wake ndiye atakayeapishwa, lakini Audu alikuwa hajatangazwa kuwa amechaguliwa. Mgombea mwenza wake, James Faleke, alidai kwamba ushindi ulikuwa umekwisha kupatikana na kwamba yeye ndiye mrithi. Chama kikamsimamisha Yahaya Bello, ambaye alijumlishiwa kura za Audu na zile za uchaguzi wa nyongeza wa tarehe 5 Desemba, akatangazwa mshindi. Kesi zilifika Mahakama ya Juu, ambayo mwezi Septemba 2016 ilithibitisha ushindi wa Bello.

Nigeria ilijifunza kutokana na mgogoro huo. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2022 ilisema kwamba mgombea wa urais au ugavana akifariki baada ya upigaji kura kuanza na kabla ya mshindi kutangazwa, uchaguzi utasimamishwa kwa muda usiozidi siku 21, kisha mgombea mwenza ataendelea na kinyang'anyiro na kumteua mwenza wake mpya.

Tanzania haina duru ya pili ya urais, kwa kuwa tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000 mshindi ni yule aliyewazidi wenzake kwa kura, hata kama hakufikia nusu. Hata hivyo, imekwisha kuonja tatizo lililo karibu na hili. Siku chache kabla ya uchaguzi uliopangwa kufanyika tarehe 30 Oktoba 2005 alifariki Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa Freeman Mbowe wa CHADEMA, na uchaguzi wa Muungano ukaahirishwa hadi tarehe 14 Desemba. Kwa kuwa hakuna kura iliyokuwa imepigwa, kuahirisha kulitosha.

Kura zikishapigwa, uzito wa jambo huwa mwingine. Mahali ambapo mgombea mwenza alipigiwa kura pamoja na marehemu, yeye ndiye mrithi wa haki; mahali ambapo hakuna mwenza, kuanza upya ni bora kuliko kumpandisha mtu ambaye wapiga kura walikwisha kumweka nyuma. Lakini njia yoyote itakayochaguliwa, iandikwe wakati wagombea wote wako hai, kwa sababu sheria inayotungwa baada ya mazishi haiwezi kuepuka kumpendelea mmoja wa waliobaki.