"Ndani yenu" au "kati yenu"? Aya ya Luka na utawala wa nafsi

Msomaji wa Injili kwa Kiswahili, awe Karusandara au Bwera, hukutana na jibu moja la Yesu lenye sura mbili. Katika Luka 17:21, Mafarisayo wamekwisha kumwuliza ufalme wa Mungu utakuja lini. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 inauweka ufalme huo "ndani yenu". Biblia Habari Njema inauweka "kati yenu".

Neno la Kigiriki ni *entos*, nalo laweza kubeba maana zote mbili. Wanaoshika "ndani" huyasoma Maandiko kama mwongozo wa kuitawala nafsi: Misri ni utumwa wa tamaa, Goliathi ni hofu, na vita hupiganwa moyoni. Usomaji huo si mgeni. Origen wa Aleksandria aliufuata katika karne ya 3. Mithali 16:32 nayo humtukuza anayeimiliki roho yake kuliko mshindi wa mji, na Wagalatia 5 hutaja miongoni mwa tunda la Roho *enkrateia*, yaani nguvu ya kujitawala. Kiswahili kimelitafsiri "kiasi", neno lile lile tunaloulizia bei sokoni. Kwa maoni yangu, nguvu kidogo imepotea njiani.

Lakini lipo pingamizi zito. Waliojibiwa ni Mafarisayo, watu ambao Injili hiyo hiyo huwakemea mara nyingi. Ni vigumu kudhani waliambiwa kwamba ufalme umekwisha kuketi mioyoni mwao. Tena Yesu alisema "yenu", hakusema "yako".

Afrika Mashariki ilijibu swali hili kwa matendo. Mwaka 1929, Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, wakasoma Maandiko na kusali pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Balokole, yaani waliookoka, walijichunguza moyo kwa ukali, ila uchunguzi huo haukuishia chumbani. Walikiri mbele ya wenzao, wakarudisha vya wizi, wakalipa madeni. Wamisionari Wazungu nao wakawaomba radhi Waafrika waliowadharau. Kilichodaiwa kuwa ndani ya mtu kilipimwa kati ya watu. (Ukali huo ulizua ugomvi wake makanisani, lakini hayo ni masimulizi mengine.)

Kwa Kasese, jambo hili si la wanazuoni pekee. Novemba 2016, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano kati ya majeshi ya serikali na walinzi wa ufalme wa Rwenzururu. Juni 2023, zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika shambulio la shule huko Mpondwe. Mhubiri anayemwambia mfiwa kwamba amani ni jambo la moyoni tu humnyang'anya haki ya kuuliza nani aliyetenda na kwa nini. Naye anayehubiri haki ya hadharani peke yake hana la kumwambia mama anayeamka usiku akiwa na chuki asiyoitaka.

Anayetaka kuzilinganisha tafsiri hizo aanzie aya ya 20, swali la Mafarisayo linapoulizwa, na azisome zote mbili kwa sauti.