Osiloskopu ya Mitumba na Fundi Mwanagenzi wa Gisenyi

Fundi wa redio asiye na osiloskopu hufanya kazi kwa kukisia. Huondoa transista moja akaweka nyingine. Redio isiposema, huondoa ya pili, kisha ya tatu. Pengine hubahatika, pengine huirudisha redio ikiwa na ubovu mwingine juu ya ule wa kwanza, na kila kipuri kilichobadilishwa bure hulipwa na mwenye redio. Mjini Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu katika wilaya ya Rubavu, mwenye redio huyo aghalabu ni mtu wa kipato cha kuhesabu: askari, polisi, mwalimu, au mama mwenye kibanda aliyeleta inveta yake ya sola ili taa ziwake tena jioni hiyo hiyo.

Wakazi wa Gisenyi wanajua thamani ya mstari unaochora jambo lisiloonekana. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na ardhi ikatetemeka siku kadhaa hata nyumba za Rubavu zikapasuka, wataalamu waliifuata mitetemeko ile kwa mistari ya mashine zao. Osiloskopu huufanyia umeme kazi iyo hiyo. Mita ya kawaida husema tu kwamba hapa pana volti 12. Osiloskopu huonyesha kama volti hizo zimetulia au zinacheza, na zinacheza namna gani. Asili yake ni tyubu ya kioo aliyoibuni Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka 1897, ambamo mwali wa elektroni hupiga kioo kilichopakwa dawa ya kung'aa, na umeme unaopimwa huusukuma mwali huo juu na chini.

Siku hizi zipo osiloskopu ndogo za kidijitali zisizo ghali sana, wala si vibaya mtu kuanza nazo. Lakini zile za zamani zenye tyubu, zilizoachwa na vyuo na karakana za Ulaya na Marekani, zina fadhila moja kubwa kwa mwanagenzi: zinafunguka, vipuri vyake vinaonekana kwa macho, na viwanda vyake viliandika vitabu vya kuzitengeneza, michoro yote ikiwamo. Tektronix 465 ya Marekani, iliyotoka mwaka 1972, na HM203 ya Hameg ya Ujerumani ni mifano mizuri. Vitabu hivyo mara nyingi ni vya Kiingereza, jambo linaloweza kumkwaza fundi aliyesoma kwa Kifaransa kabla ya mageuzi ya shule za Rwanda ya mwaka 2008. Hata hivyo mchoro wa umeme hauna taifa.

Nyingi huuzwa kwa jina la mbovu na kumbe hazina ubovu. Osiloskopu ina vifundo vingi, na kimoja tu kikiwa mahali pasipo pake, kioo hubaki giza. Basi kabla ya kulipa, na kabla ya kufungua hata parafujo moja, mnunuzi aongeze mwanga, aweke vifundo vya kupandisha na kusogeza mstari katikati, kisha aiweke mashine katika hali ya kujianzisha yenyewe. Mstari ukitokea, amekwisha kuitengeneza. Asiache mwanga mkali ukatulia mahali pamoja, maana huunguza kioo na alama yake haifutiki.

Isipowaka kabisa, mwanagenzi hukata tamaa kwa hoja inayosikika kuwa ya haki: kutengeneza osiloskopu kunahitaji osiloskopu nyingine. Sivyo. Ubovu wa mashine kuukuu aghalabu huanzia katika sehemu inayolisha umeme, na sehemu hiyo hupimika kwa mita ya kawaida. Cha kwanza kutazamwa ni mgongo wa mashine. Umeme wa Rwanda ni volti 230, na osiloskopu iliyotoka Marekani huenda imewekwa kwenye volti 115. Wengi wameziua mashine nzima kwa kuzichomeka bila kugeuza swichi hiyo ndogo. Fyuzi nayo ibadilishwe ilingane na volti mpya. Kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kuikaribisha moto nyumbani.

Hapa lazima isemwe wazi, hasa kwa kuwa karakana ya mwanagenzi mara nyingi ni meza ya kulia chakula: ndani ya osiloskopu mna umeme wa kuua. Katika HM203 tyubu hupewa volti 2,000 hivi, na katika Tektronix 465 zinapita 10,000. Kapasita huweza kuushika umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi achomoe, asubiri, kisha azitoe kapasita kubwa umeme wake kwa rezista yenye nyaya zilizofunikwa vizuri, wala si kwa bisibisi. Umeme mkubwa wa tyubu asiuguse wala asiupime kwa mita ya kawaida, ambayo mwisho wake ni volti 1,000. Afanyapo kazi mashine ikiwa inawaka, mkono mmoja ukae mfukoni, na pawepo mtu mzima karibu anayejua swichi ilipo. Watoto walale kwanza. Na kwa kuwa lehemu ya kawaida ina risasi, mikono ioshwe kabla ya kushika mkate au mtoto.

Mara ya kwanza mashine iwashwe kupitia balbu iliyofungwa kwa mfululizo, balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100, ile ya zamani inayopata joto. Ya LED haifai. Balbu ikimweka kisha ikafifia, heri. Ikibaki inang'aa kwa nguvu zote, ndani mna mahali palipogusana, na balbu imeokoa transfoma. Mwanagenzi aliyejifunza hila hii moja hataunguza vitu vingi.

Kisha hupimwa njia za umeme, moja baada ya moja. Tektronix 465 ina njia tano: volti 110, 55, 15, 5, na 8 hasi. Ile ya 55 hupimwa kwanza kwa kuwa nyingine huitegemea. Njia ikiwa imekufa, mashine huzimwa na kuchomolewa, na ukinzani kati ya njia hiyo na bodi ya chuma hupimwa. Ukikaribia sifuri, mshukiwa wa kwanza ni zile kapasita ndogo za tantalamu zenye umbo la tone, ambazo kwa uzee hugusana ndani. Mpya ikiwekwa kinyume hupasuka kwa kishindo. Kapasita kubwa nazo hukauka, na mstari hutetemeka hata kama hakuna kinachopimwa.

Swichi zilizoingia vumbi husafishwa kwa spiriti maalumu. Mafuta ya taa, la.

Jambo moja limewaua mafundi wazoefu. Kibanio cha waya wa kupimia kimeungwa na mwili wa mashine, na mwili umeungwa na ardhi. Kikibanwa kwenye televisheni ambayo bodi yake ina umeme wa ukutani, huleta mlipuko. Na wapo wanaokata waya wa ardhi ili kuepa mlipuko huo. Tangu hapo mwili mzima wa osiloskopu, vifundo na vyote, huweza kuwa na volti 230. Fundi mwenye busara hutumia transfoma ya kutenga kwa televisheni, na waya wa ardhi hauachi.

Tyubu ikiwa imechoka, mashine haina tiba, kwa kuwa tyubu mpya hazitengenezwi tena. Vipuri vyake vitunzwe. Kioo chake, chenye risasi na kisicho na hewa ndani, kisipigwe wala kutupwa ziwani. Rwanda ina kiwanda cha kupokea mabaki ya umeme huko Bugesera, kilichozinduliwa mwaka 2018.

Iliyopona hujaribiwa bila gharama. Waya wa kupimia huunganishwa na kituo chake chenyewe cha mbele, kitoacho mawimbi ya mraba 1,000 kwa sekunde. Pembe zikiwa za mviringo, parafujo ndogo ya probu huzungushwa mpaka zinyooke. Halafu fundi hugusa ncha ya probu kwa kidole. Mwili wa binadamu huokota umeme wa nyumba kutoka hewani, nao wa Rwanda huzunguka mara 50 kwa sekunde. Kifundo kikiwa kwenye milisekunde 5 kwa mraba, wimbi moja hujaza miraba minne kamili. Likijaza miraba mitatu, saa ya mashine bado ina kosa, na kifuniko kisirudishwe.