Malaria inavyopunguza mavuno ya mkulima mdogo

KATIKA maeneo yanayopakana na Ziwa Victoria, malaria huongezeka baada ya mvua ya masika kuanza, wakati ule ule mahindi yanapohitaji kupaliliwa.

Mtoto akiugua, mama huacha jembe ili amuuguze. Magugu nayo hayangoji. Nauli ya kwenda zahanati na pesa za dawa hupatikana kwa kuuza kuku au mahindi ya akiba. Hivyo, familia hulipa mara mbili: kwanza kwa pesa taslimu, kisha kwa magunia yatakayopungua wakati wa mavuno.

Chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini mwaka wa 2019, katika Kaunti ya Homa Bay. Hata hivyo, haiondoi haja ya chandarua kilichotiwa dawa, ambacho mkulima anapaswa kukihesabu miongoni mwa pembejeo zake, pamoja na mbegu na mbolea.