Kujifunza Kiingereza kwa Simu: Dakika Chache Kila Siku

Katika Chuo Kikuu cha Garissa, mihadhara na mitihani huendeshwa kwa Kiingereza. Kwa wanafunzi wengi wa kaunti hii, hiyo ni lugha ya tatu, baada ya Kisomali au lugha nyingine ya nyumbani, na Kiswahili. Mwanafunzi anaweza kulielewa somo vizuri, kisha akapoteza alama kwa kukosa maneno ya kulieleza.

Programu za simu zinaweza kumsaidia. Duolingo huhesabu siku alizofanya zoezi mfululizo, na hesabu hiyo humtia hamu ya kurudi kesho. BBC Learning English ina kipindi cha kusikiliza cha dakika 6, ambacho kinaweza kupakuliwa penye intaneti ya bure na kusikilizwa baadaye bila kumaliza data.

Hata hivyo, alama za simu si alama za mtihani. Hesabu ya siku hupanda hata kwa zoezi jepesi. Kwa hivyo, ni vyema kila zoezi lifuatwe na matumizi halisi: kumweleza mwenzake somo la siku kwa Kiingereza, au kuandika aya moja na kumwomba mhadhiri aisahihishe.