Mwenye Kupona Saratani na Saa za Bahari

Mama mmoja mkulima wa mwani, mkazi wa pwani ya mashariki ya Unguja, alinijia miezi michache baada ya kukatwa ziwa na kumaliza mionzi, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama aombaye jambo la haramu, "Daktari, nikishuka tena pwani nitakuwa nimejidhulumu nafsi yangu?" Mionzi alipewa ng'ambo, Dar es Salaam, katika hospitali ya Ocean Road, ambayo jengo lake la kale lilijengwa na Wajerumani ufukweni mwaka 1897, na majuma yote ya tiba aliisikia bahari ikivuma asiiguse. Aliporudi kwao, jamaa zake, kwa mapenzi yasiyo na shaka, walimweka chumbani, madirisha yamefungwa asije akapigwa na upepo, chakula analetewa, maji ya kuoga anatekewa, na mkono wa upande uliopasuliwa ameusiwa asiunyanyulie hata kata ya maji. Nilipomwona akipanda ngazi tatu za baraza kisha akasimama kutafuta pumzi, nilifahamu kuwa sehemu ya udhaifu wake haikutoka tena kwenye maradhi wala kwenye dawa, bali ilitoka kitandani.

Uchovu wa mwenye saratani si uchovu wa mvuvi aliyekesha, ambao usingizi wa usiku mmoja huutoa. Huu hulala na mgonjwa na kuamka naye, kwa kuwa maradhi yenyewe, mionzi, na dawa zinazotiwa mshipani huweza kupunguza damu na kudhoofisha misuli. Na mtu akishinda kitandani kwa kudhani anajihifadhi, misuli isiyotumika huzidi kupungua, moyo huzoea kazi ndogo, hata kutoka chumbani kwenda uani kukawa ni safari. Ndiyo sababu kikao cha wataalamu wa nchi mbalimbali, kilichotoa mashauri yake mwaka 2019, kilikubaliana kuwa mwendo wa kadiri wa nusu saa, mara tatu kwa juma, hupunguza uchovu huo na hutuliza hofu na majonzi yanayofuatana nao. Mwendo wa kadiri ni ule ambao mtu aweza kuzungumza aendapo, ila hawezi kuimba. Anayeanza huanza na dakika tano, na kesho yake akiamka taabani kuliko jana, basi hupunguza, wala haachi.

Katazo la mkono lina asili yake, nami sitaki kulidharau. Tabibu apasuaye ziwa aghalabu huondoa pia tezi za kwapani, ambazo ni njia ya maji ya mwilini yatokayo mkononi. Njia ikikatwa, maji huweza kujikusanya na mkono ukavimba, pengine miaka mingi baada ya upasuaji. Kwa hofu hiyo matabibu wa karne iliyopita waliwakataza wanawake kunyanyua, kuvuta na kufanya kazi yoyote ya kurudiarudia kwa mkono huo. Mwaka 1996, katika mji wa Vancouver ulio pwani ya magharibi ya Kanada, tabibu Don McKenzie wa Chuo Kikuu cha British Columbia aliazimia kuipima dhana hiyo majini: akawakusanya wanawake 24 waliokwisha kutibiwa saratani ya ziwa, akawazoeza polepole, kisha akawapandisha katika mashua ndefu ya makasia, yenye kichwa cha joka, ambayo asili yake ni Uchina. Walipiga makasia msimu mzima, wala hakuna hata mmoja aliyepata uvimbe mpya. Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wanawake 141 waliokuwa tayari na uvimbe wa mkono, ikadhihirika kuwa kunyanyua uzito kwa kuongeza kidogo kidogo, chini ya uangalizi, hakukuzidisha uvimbe, na kwamba waliofanya hivyo walipatwa na machachamao machache kuliko wenzao. Kila nikumbukapo mashua ile, hunijia picha ya wanawake wa kwetu ambao mkono wao ndio nazi iliyokunwa, ndoo iliyotekwa na kamba iliyovutwa. Kumwambia mwanamke wa namna hiyo asiutumie mkono maisha yake yote ni kumwambia asiwe yeye.

Lakini jua letu si jua la Vancouver, nalo lataka hadhari ya peke yake. Unguja iko takriban digrii 6 kusini ya ikweta, hivi kwamba mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini hasa. Ngozi iliyopigwa mionzi ya tiba ni dhaifu, huungua upesi, na yafaa ifunikwe walau mwaka mmoja. Tena baadhi ya dawa, kama methotreksati na fluorourasili, huifanya ngozi ya mwili mzima iwe nyepesi kuungua. Asidhani mwenye ngozi nyeusi kuwa amesalimika, wala aliyeketi chini ya mwavuli, maana mchanga mkavu hurudisha takriban asilimia 15 ya miale iunguzayo, na povu la mawimbi takriban asilimia 25.

Hapa ndipo ilimu ya watu wa pwani ifaapo kuliko saa ya ukutani. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Unguja hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, na wakulima wa mwani huteremka mashambani mwao wakati uleule jua linapokuwa kali. Kisha hujaa kiasi cha saa kumi alasiri. Na kwa kuwa bahari huchelewa takriban dakika 50 kila siku, baada ya juma moja mambo hugeuka: maji mafu hujaa asubuhi na kupwa alasiri, tena hayaendi mbali, ila huacha ukanda wa mchanga mbichi, mgumu, usiomzamisha mwenye miguu dhaifu. Basi nilimwambia mama yule kuwa maji mafu ndiyo siku zake za kutembea, kuanzia saa kumi hadi karibu na magharibi. Na siku za bamvua apumzike kivulini asubuhi, alasiri maji yakijaa aende akaketi ndani yake hadi kiunoni, pamoja na mtu, maadam ngozi imekwisha kufunga kabisa.

Ama upepo ule ambao jamaa zake walimfungia madirisha, haurudishi saratani. Cha kuhofiwa ni kingine: kwa dawa nyingi za mshipani, chembe nyeupe za damu hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kutiwa dawa, na katika siku hizo mgonjwa hujitenga na msongamano wa soko la samaki, haingii baharini akiwa na jeraha, wala hali chaza wabichi katika muda wote wa tiba. Joto la mwili likifika nyuzi 38, ni hospitali saa ileile, hata iwe usiku wa manane. Na wapo ambao dawa kama paklitakseli huwaachia ganzi nyayoni, hivi kwamba mwamba humkata mtu asijue mpaka aone damu. Hao wasitembee pwani bila viatu, hata kwenye mchanga waliouzoea tangu utotoni.

Mama yule hakurudi shambani moja kwa moja, wala sikumruhusu kubeba gunia la mwani mbichi. Alianzia chini ya mkungu, pamoja na wenziwe, kwenye kazi ya kufunga mbegu katika kamba, ambayo hufanywa kwa kuketi na kwa mazungumzo: siku ya kwanza kamba moja, juma la pili mbili, akiupima mkono kila Ijumaa kwa utepe wa fundi cherehani, juu na chini ya kiwiko, na kunijulisha unene wake. Nilipopita kijijini kwao mwanzo wa kaskazi nilimkuta anafunga kamba ya sita, kanga ameitanda hadi shingoni, na madirisha ya chumba chake yako wazi.