Simu ya Mzazi

Vijana wengi watokao Mungaa, mkoani Singida, wakipata riziki mjini hupenda kuwanunulia wazazi wao simu mpya. Ni jambo jema. Lakini yafaa kwanza mzazi aulizwe simu hiyo aitakia nini.

Mzazi atakaye kusikia sauti za wanawe na kupokea fedha hana haja na simu ya kioo ipasayo kuchajiwa kila siku. Kitochi chenye tarakimu kubwa, sauti ya nguvu na betri ya siku kadhaa chamfaa zaidi. Kabla ya kulipa, bonyezeni *#06#, mkalinganishe tarakimu 15 zitokeazo na zile za kwenye boksi. Maana usiku wa 16 Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchini kote, na wenyewe wakapata hasara.

Tena, laini isajiliwe kwa jina na alama za vidole za mzazi mwenyewe, wala si za mwanawe. Kwani fedha za alizeti ziingiazo humo ni zake. Basi enyi vijana, mfundisheni kwa upole kuitumia namba yake ya siri, hata mara kumi ikibidi, asije akalazimika kumpa mpita njia amsomee ujumbe na kumtolea fedha.