Mlango wa ughaibuni hufungwa na mwenye nyumba

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, sisi walimu hujiwa na wanafunzi tuliowafunza, kila mmoja na swali lake. Zamani swali lilikuwa ni chuo gani kitakachompokea kijana kwa alama alizopata. Miaka ya hivi karibuni swali limebadilika sura. Kijana huuliza ni kozi ipi itakayomfikisha ng'ambo upesi, na mara nyingi jibu analo tayari kabla hujafungua kinywa: uuguzi, au ile kozi fupi ya kuwalea wazee ambayo matangazo yake yamebandikwa kwenye nguzo za stima mjini.

Sina nia ya kuwabeza vijana hao. Kutafuta riziki mbali na nyumbani ni jambo la tangu jadi, na Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 39, inampa kila mtu haki ya kuondoka Kenya. Linalonikera ni kwamba kijana huchagua masomo ya maisha yake yote kwa kutegemea kipande cha karatasi ambacho serikali ya nchi nyingine yaweza kukifuta asubuhi moja. Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Je, na anayetegemea cha asiyekuwa nduguye?

Tuitazame historia ya mlango wenyewe. Mnamo Agosti 2020, janga la Korona likiwa limeshamiri, Uingereza ilianzisha viza mahususi kwa wahudumu wa afya. Ada yake ilikuwa nafuu, na aliyeipata hakutozwa ule ushuru wa matibabu ambao wahamiaji wengine hulipa. Mnamo Julai 2021, Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, alipozuru London, Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa kuwawezesha wauguzi na wahudumu wengine wa afya waliohitimu lakini wasio na ajira kwenda kufanya kazi huko. Februari 2022 mlango ukapanuliwa zaidi. Walezi wa wazee na wa wagonjwa wa majumbani, kazi ambayo haidai shahada wala diploma ya uuguzi, nao wakaruhusiwa kuingia.

Habari hiyo ilienea humu nchini kama moto wa nyikani. Kozi za miezi michache zikachipuka, mawakala wakafungua ofisi, na wazazi wakaanza kuuza ng'ombe na vipande vya mashamba.

Lakini mlango haukudumu wazi. Tangu tarehe 11 Machi 2024, mlezi aliyeomba viza hiyo hakuruhusiwa tena kuandamana na mume, mke wala watoto wake. Kisha, tarehe 22 Julai 2025, viza ya walezi ilifungwa kabisa kwa waombaji wapya walioko nje ya Uingereza. Ndugu msomaji, hebu piga hesabu. Kutoka Februari 2022 hadi Julai 2025 ni muda usiotimia miaka minne. Mwanafunzi aliyekuwa kidato cha kwanza mlango ulipofunguliwa huenda hakuwa amemaliza shule ya upili ulipofungwa!

Wala hii si mara ya kwanza. Mwanzoni mwa karne hii hospitali za Uingereza ziliajiri wauguzi wengi kutoka ng'ambo, Afrika ikiwemo. Ilipofika mwaka wa 2006, serikali ya huko iliwaondoa wauguzi wa kawaida katika orodha ya kazi zenye uhaba wa watu, na mlango ukawa mwembamba. Mwaka wa 2015 wauguzi wakarejeshwa katika orodha hiyo, kwa kuwa uhaba ulikuwa umerudi. Mwenye nyumba hufungua akihitaji mtu, na akishatosheka hufunga. Hatuna sababu ya kumlaumu, kwani nyumba ni yake. Wa kulaumiwa ni yule anayemwambia mtoto wetu kwamba mlango huo hautafungwa kamwe.

Hapa ipo tofauti ambayo walimu na wanafunzi hawana budi kuielewa vyema. Muuguzi aliyesajiliwa na mlezi wa wazee si watu wa daraja moja mbele ya sheria ya uhamiaji. Kufungwa kwa viza mnamo Julai 2025 hakukuwagusa wauguzi waliosajiliwa. Muuguzi ana taaluma: amesoma miaka kadhaa, amefanya mazoezi wodini, na ana leseni ya baraza la wauguzi la nchi yake. Akitaka kufanya kazi Uingereza, hufanya mtihani wa nadharia kwa kompyuta, kisha mtihani wa vitendo, ndipo asajiliwe na baraza la huko. Taaluma hiyo ataitumia Nairobi, Lodwar, London au Berlin. Viza ikikataliwa, yeye angali muuguzi. Aliyesomea kozi fupi kwa ajili ya viza peke yake, viza ikifungwa hubaki na cheti ambacho waajiri wengi humu nchini hawana haja nacho.

Nilishuhudia jambo hili kwa karibu mwaka wa 2025. Msichana mmoja niliyemfunza Kiswahili alinijia na karatasi alizopewa na wakala, jina lake silitaji. Alikuwa amelipa karo ya kozi, akalipa ada ya "kuandikishwa", na sasa alikuwa akidaiwa ada ya tatu, ya kutafutiwa kazi. Alitaka nimsaidie kuzielewa karatasi hizo, kwa kuwa babake alikuwa tayari amemtafuta mnunuzi wa nusu eka ya shamba. Tulizisoma pamoja, mstari kwa mstari. Zilitaja ada mara nne. Jina la mwajiri halikuwemo, mshahara haukutajwa, na hapakuwa na sentensi yoyote iliyosema fedha zitarudishwa iwapo viza itanyimwa. Nilipomweleza kwamba viza ya walezi ilikuwa imefungwa wiki kadhaa zilizotangulia, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Mwalimu, mbona wao hawakuniambia?"

Mbona hawakumwambia? Kwa sababu wakala hula kwa ahadi. Msafiri akifika au asifike, ada imekwisha kulipwa. Na hapa ndipo elimu inapohitajika, kwa maana sheria zipo. Sheria ya Uingereza inamkataza wakala kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi. Humu nchini ipo Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ambayo huwasajili mawakala wa kazi. Kuuliza kama wakala fulani amesajiliwa ni hatua ya kwanza, na kuuliza si ujinga.

Hata wale waliofanikiwa kufika, si wote waliokuta nyama ya ulimi. Viza hiyo humfungamanisha mfanyakazi na mwajiri aliyemdhamini. Akitaka kuhamia kwa mwajiri mwingine, sharti apate mdhamini mpya na aombe ruhusa upya. Mwajiri akipokonywa leseni ya kudhamini wageni, mfanyakazi kwa kawaida hupewa siku 60 za kupata mdhamini mwingine, la sivyo afunge virago. Mnamo Machi 2025 serikali ya Uingereza yenyewe ilieleza kwamba tangu 2022 ilikuwa imefuta leseni zaidi ya 470 za waajiri katika sekta ya ulezi, na kwamba wafanyakazi zaidi ya 39,000 walihusiana na waajiri hao. Hao ni watu waliotoka mataifa mbalimbali, na wengi wao walikuwa wamekopa ili wasafiri. Mswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa walilitaka jembe tangu siku ya kwanza, ila baadhi yao hawakuonyeshwa hata shamba!

Yamkini msomaji atauliza: kama ughaibuni kuna mashaka hivyo, mbona wauguzi wetu wazidi kuondoka? Jibu liko hapa nyumbani. Mwaka wa 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma kwa takriban miezi mitano, toka Juni hadi Novemba, wakidai kutekelezwa kwa makubaliano ya mishahara. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma kwa siku 56. Mojawapo ya mambo yaliyozozaniwa ni malipo ya madaktari wanagenzi: makubaliano ya 2017 yaliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa 70,000. Wapo wauguzi waliohitimu ambao hukaa miaka bila ajira, ilhali zahanati za mashambani zinaendeshwa na muuguzi mmoja ambaye ndiye daktari, ndiye mkunga, na ndiye mwenye kutunza ufunguo wa stoo ya dawa. Nchi yenye wagonjwa wasio na wauguzi, na wauguzi wasio na kazi, haina haki ya kumwita muuguzi anayeondoka msaliti.

Serikali zetu, moja baada ya nyingine, zimeliona suluhisho katika kuwasafirisha wafanyakazi. Ni kweli kwamba fedha zinazotumwa na Wakenya walio ng'ambo zina manufaa makubwa. Mwaka wa 2024 zilikaribia dola bilioni 5 za Marekani. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Utafiti uliochapishwa 2006 ulikadiria kwamba kumsomesha muuguzi mmoja wa Kenya, kuanzia shule ya msingi hadi chuoni, kuligharimu dola 43,180, na daktari mmoja dola 65,997. Gharama hiyo hubebwa na mzazi pamoja na mlipa kodi wa Kenya, naye mwajiri wa ng'ambo hupokea mtu aliyekwisha kufunzwa. Mnamo 2010 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kuajiri wahudumu wa afya wa kimataifa, nazo zinazihimiza nchi zinazopokea kusaidia nchi zinazotoa. Kwa nini basi mikataba yetu isiidai nchi inayowachukua wauguzi 100 igharimie mafunzo ya wengine 100 katika vyuo vya KMTC? Hilo ni dai la haki, tena lina msingi katika kanuni ambazo nchi hizo zenyewe zilizikubali.

Aidha, viongozi wetu wawe waangalifu na ndimi zao. Kenya na Ujerumani zilipotia sahihi makubaliano ya uhamiaji na ajira jijini Berlin mnamo Septemba 2024, zilienea habari kwamba Wakenya 250,000 wangepata kazi huko. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha habari hizo, ikisema makubaliano hayakutaja idadi yoyote. Isitoshe, muuguzi anayetaka kutambuliwa kikamilifu Ujerumani hudaiwa kukijua Kijerumani kwa kiwango cha kufanya kazi nacho wodini. Idadi kubwa zikitajwa, wapo vijana wanaoacha vyuo. Ukanushaji ukija, hausikiki hadi vijijini.

Nasi walimu tuna sehemu yetu. Miezi michache baada ya ule mkataba wa 2021 na Uingereza, aliyekuwa Waziri wa Afya, Bw Mutahi Kagwe, alifichua kwamba kati ya wauguzi 300 waliopelekwa kufanya mtihani wa Kiingereza, ni 10 tu waliofaulu. Wengi walicheka, wengine wakaona haya. Mimi niliona swali la kialimu. Hao ni watu waliosoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, wakafaulu mitihani ya taifa na ya chuo. Mtihani huo ulipima kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, yaani stadi zile zile nne zilizomo katika mtalaa wa lugha, iwe Kiingereza au Kiswahili. Tumekuwa tukizifunza kwa ajili ya karatasi ya mtihani. Mwanafunzi hukariri methali 100 na tamathali za usemi, lakini umpapo mkataba wa kazi wa kurasa mbili hajui aanzie wapi.

Napendekeza basi kwamba katika vipindi vya ufahamu, pamoja na hadithi na makala, tuwape wanafunzi mikataba, masharti ya mikopo, na matangazo ya kazi. Tuwaulize: nani anamwahidi nani? Kipi kimeahidiwa na kipi kimeachwa? Asiyetimiza ahadi atafanywa nini? Mwanafunzi anayeweza kuyajibu maswali hayo hataibiwa kwa urahisi na wakala, wala na mwajiri, wala na mwanasiasa.

Na anayetaka kuwa muuguzi tumtie moyo, mradi autake uuguzi wenyewe. Asomee kazi ambayo angeifanya hata kama ndege zote zingesimama. Akiondoka baadaye, aondoke akiwa na leseni mkononi, mkataba aliousoma mwenyewe, na taaluma ya kumrudisha nyumbani bila aibu.

Kwa serikali kuu na serikali za kaunti nina neno moja. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupata huduma bora kabisa za afya zinazowezekana. Haki hiyo haitolewi na majengo wala mashine; hutolewa na mtu aliyefunzwa, anayelipwa, na aliyeko kazini usiku mama anapojifungua. Viza za Uingereza zinaamuliwa London, na hatuna kauli juu yake. Ajira ya muuguzi katika zahanati ya kijiji chetu inaamuliwa hapa, na mlango huo funguo zake tunazo wenyewe.